Dhana potofu na ukweli kuhusu chipu za amplifaya "dijitali"

Dhana: Amplifaya ya daraja la D inaitwa D kwa sababu ni dijitali.

Hapana. Herufi A, B na C zilikuwa zimeshachukuliwa na aina zilizotangulia, hii ilipokuja ikapewa iliyofuata. Ndani ya chipu, wimbi la sauti hulinganishwa na wimbi la pembetatu linalokwenda kasi sana, mara nyingi kilohezi 300 na kuendelea, na matokeo yake ndiyo yanayowasha na kuzima transista za mwisho. Wimbi la sauti likipanda mpigo unatanuka, likishuka mpigo unasinyaa, na upana huo unaweza kuwa wowote ule, hauendi kwa ngazi kama tarakimu. Koili na kapasita za mwisho huchuja mipigo, sauti ikabaki.

Zipo chipu zinazopokea sauti ikiwa bado data, kwa mfano MAX98357A inayotumia I2S, yaani njia ya kupitisha sauti kama data kati ya chipu na chipu. Lakini TPA3116D2, iliyojaa kwenye bodi nyingi za stereo, inapokea sauti ya analogi tu. Soma karatasi ya chipu kabla ya kununua.

Dhana: Bodi imeandikwa wati 100, basi nitapata wati 100.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, nami sichoki kulirudia. Hiyo TPA3116D2 inatajwa kutoa wati 50 kila upande, ila kwa masharti: umeme wa volti 21, spika ya omu 4, na mkwaruzo wa asilimia 10. Asilimia 10 ni sauti iliyokwisha kupasuka, hakuna anayekaa kuisikiliza kwa raha.

Sasa ichukue bodi hiyohiyo uiwashe kwa adapta ya volti 12. Kilele cha wimbi hakiwezi kupita volti 12. Zidisha 12 kwa 12 upate 144, kisha gawanya kwa omu za spika zilizozidishwa kwa 2. Spika ya omu 4 inapata wati 18, ya omu 8 inapata 9, na hapo hatujatoa kinachopotea njiani. Ukipanda hadi volti 24, hesabu ya omu 4 inafika wati 72 kila upande, lakini adapta ya ampea 2 ina wati 48 tu za kugawana pande zote mbili. Besi ikipiga kwa nguvu, volti zinaanguka na sauti inakatika. Fundi anailaumu chipu, kumbe mwenye kosa ni adapta.

Halafu, wati zikiongezeka maradufu sauti inapanda desibeli 3 tu. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja itaishinda ya desibeli 84 hata ukiipa hiyo ya pili wati mara tatu. Fedha yako ipeleke kwenye spika.

Dhana: Chipu hizi hazichemki, hitisinki (chuma cha kupoza) ni pambo.

Ni kweli ufanisi wake unaweza kupita asilimia 90, wakati daraja B haliwezi kuvuka 78.5 hata kwa hesabu za karatasini. Ila asilimia 10 ya wati 100 ni wati 10 za joto kwenye kitu kidogo kama ukucha. Angalia pia joto linatokea wapi: TPA3116D2 ina bati lake la kutolea joto juu, hitisinki inakaa hapo. Ndugu yake TPA3118D2 ina bati chini, imelehemiwa kwenye shaba ya bodi. Kuibandikia hitisinki juu ya plastiki kunasaidia kidogo sana.

Dhana: Waya hasi wa spika ni ardhi, yaani hasi ya adapta.

Hili lilinifundisha kwa vitendo. Nilikuwa na kabati la zamani lenye spika mbili na waya tatu tu, hasi zote zimeunganishwa ndani. Nikachomeka bodi mpya. Ikatoa "tik", ikanyamaza, ikajaribu tena, "tik", ikanyamaza. Nikashika mita: bila muziki wowote, kila pini ya spika, chanya na hasi, ilisoma karibu nusu ya volti za adapta ukipima na ardhi. Maana yake pini zote mbili zina umeme na zinasukuma spika kwa zamu. Kuunganisha hasi za kushoto na kulia ni kuzigonganisha pande mbili za chipu, na kuigusisha hasi kwenye ardhi ni shoti kamili. Kinga ya ndani ndiyo iliyoniokoa. Nilifungua kabati, nikakata kiungo kile, nikapitisha waya wa nne, na muziki ukatoka pande zote mbili.