Sitra Ahra ni "upande mwingine", si "mungu wa pili"

Mwezi huu nimelisikia neno hili mara tatu, na mara zote tatu limetumiwa vibaya. Kwanza lilikuja kwenye ujumbe wa sauti uliosambazwa katika kundi la WhatsApp la jumuiya yetu, kisha kwenye mahubiri ya jioni pale stendi, halafu likatoka kinywani mwa kijana ninayemheshimu kwa bidii yake ya kusoma. Wote walisema jambo moja: kwamba Wayahudi wa Kabala, yaani wafuasi wa elimu ya siri za dini ya Kiyahudi, wana mungu wa pili, jina lake Sitra Ahra, kwamba uovu wote duniani ni milki yake, na kwamba wanamtolea sadaka. Kijana aliongeza asili ya jina: sitra ni sitara, ahra ni ahera, kwa hiyo maana yake ni "pazia la ahera". Nusu ya maelezo hayo ni kweli, na hiyo nusu ya kweli ndiyo inayopoteza watu.

Maana yenyewe ni fupi. Sitra Ahra ni maneno mawili ya Kiaramu: "upande mwingine". Katika Zohar, kitabu kikuu cha Kabala kilichojitokeza Castile, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, hilo ni jina la jumla la nguvu za uovu na unajisi, yaani kila kilicho ng'ambo ya utakatifu. Ni namna ya kuutaja uovu bila kuupa heshima ya jina.

Sasa tuje kwenye hayo maneno mawili.

Sitra haina undugu na sitara. Sitara yetu, pamoja na stara na kusitiri, imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunika, unaoandikwa kwa ت. Kiebrania nacho kina ndugu wa mzizi huo, seter, yaani maficho, na ndani ya Zohar kuna sehemu inayoitwa Sitre Tora, "siri za Tora". Sitra ya Sitra Ahra ina herufi nyingine, teti, ambayo kwa Kiarabu ni ط. Ndugu yake wa Kiarabu ni shatr, na Waislamu wengi wanaijua bila kujua kwamba wanaijua, maana imo katika aya ya kibla, Al-Baqara 144: shatra l-masjidi l-harami, "upande wa Msikiti Mtukufu". Ni upande tu, hakuna pazia. Ukiandika kwa herufi za Kilatini, maneno hayo mawili yanafanana kama pacha. Ukirudi kwenye herufi zake, yanaachana pale pale.

Kwenye ahra kijana alikuwa sahihi, ila hakuufuata mzizi hadi mwisho. Ahera yetu ni akhira ya Kiarabu, na mzizi wake unabeba maana ya kuwa mwingine, kuja baadaye, kuwa wa mwisho. Ahera haikuanza kama jina la mahali pa kutisha. Ni maisha yale mengine, yanayokuja baada ya haya. Ahra ya Kiaramu inatoka kwenye mzizi huo huo, na maana yake ni "nyingine". Haisemi "ya pili".

Tofauti hiyo wengi wanaiona ndogo. Fungua basi Danieli 7:5, katika ile sehemu ya kitabu iliyoandikwa kwa Kiaramu. Nabii anaona mnyama mwingine, wa pili, mfano wa dubu, aliyeinuliwa upande mmoja. Katika mstari huo mmoja yamo maneno yote matatu tunayoyatafuta: ohori, mwingine, tinyana, wa pili, setar, upande. "Mwingine" na "wa pili" yamekaa bega kwa bega, kila moja na kazi yake. Kiaramu kilikuwa na neno la kuhesabia, na Zohar haikulichukua. Ilichukua lile linalotofautisha bila kuhesabu.

Najua kwamba kwa Kiswahili tunasema "upande wa pili wa barabara" na "upande wa pili wa shilingi" bila kumaanisha hesabu yoyote, na shilingi inabaki moja. Mtu akilitumia neno hivyo, sina ugomvi naye. Tatizo linakuja mtu anapoisikia "Upande wa Pili" ya Kabala, akaiandika kwa herufi kubwa, akauliza wa kwanza ni nani, kisha akawapanga wawili hao kwenye mizani kama wafalme wawili wa nchi mbili. Hapo ameshahesabu hadi mbili, na kwa Myahudi hilo ndilo kosa lenyewe.

Kuna hadithi juu ya kosa hilo, na mzizi wetu umo ndani yake. Talmud, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya walimu wa kale wa Kiyahudi, katika Hagiga 15a, inamsimulia Elisha ben Abuya, mwalimu mkubwa wa karne ya 2. Yeye na wenzake watatu waliingia katika "bustani", yaani waliyatazama mambo ya juu. Elisha akamwona malaika Metatroni ameketi, anaandika mema ya Israeli. Alikuwa amefundishwa kwamba huko juu hakuna kuketi, basi akajisemea: huenda, Mungu apishe mbali, mamlaka ni mbili. Metatroni akatolewa nje akapigwa viboko 60 vya moto, ijulikane kwamba naye ni mtumwa kama watumwa wengine. Na Elisha? Talmud inamwita Aher. Mwingine. Mwalimu aliyedhani kuna mamlaka mbili ndiye aliyebaki na jina hilo, na karne nyingi baadaye wana-Kabala walipotafuta neno la kuuita uovu, waliokota kutoka mzizi ule ule.

Waalimu hao walikuwa wakali juu ya jambo hili hata katika vitu vidogo. Mishna, mkusanyiko wa sheria ambao Talmud inaujadili, katika Berakhot 5:3, inaagiza kwamba anayesali akasema "tunashukuru, tunashukuru" mara mbili, anyamazishwe. Kurudia shukrani kunaweza kusikika kama kushukuru wawili. Mishna hiyo hiyo, 9:5, inamtaka mtu abariki kwa baya linalompata kama anavyobariki kwa jema, kwa sababu aliyetoa ni yule yule.

Ndiyo maana swali la uovu lina uzito wa pekee kwao. Mwenye miungu miwili hana swali: mema ya huyu, mabaya ya yule. Anayekariri asubuhi na jioni kwamba Bwana ni mmoja amejifungia mlango huo kwa mkono wake mwenyewe. Isaya 45:7 haimwachii hata ufa. Biblia yetu ya Kiswahili imeutafsiri mstari huo kwa neno zito lililokaribia kusahaulika: Mungu "anahuluku" giza, na "anahuluku" ubaya. Halafu angalia mstari huo ulivyoingizwa katika sala ya asubuhi ya Kiyahudi. Nuru imebaki, giza limebaki, amani imebaki, lakini mahali pa "ubaya" wamesema "vyote". Talmud inaeleza kwamba ni kwa ajili ya uzuri wa lugha. Naipenda sana hatua hiyo. Hawakuufuta ubaya katika orodha ya vilivyoumbwa. Wameutia ndani ya "vyote", mahali ambapo hautoki nje ya mikono ya Mmoja.

Kabala ilianzia hapo, na haikulikimbia swali. Inasema Mungu asiye na mwisho, Ein Sof, anajidhihirisha kwa sefiroti 10, yaani sifa au nguvu zake 10. Hizo si miungu 10, na hilo nalo ni kosa la siku nyingine. Baadhi ya majina yake yana ndugu katika Kiswahili: Hokhma ni ndugu wa hekima, Gevura ni ndugu wa Jabari. Upande wa kulia kuna Hesedi, wema usio na kipimo. Upande wa kushoto kuna Gevura, iitwayo pia Din: hukumu, mpaka, neno "basi, hapa inatosha". Bila hukumu hakuna ulimwengu, maana kila kitu kingemezwa na wema usio na ukingo. Lakini hukumu ikitengana na huruma, ikawaka peke yake, inazaa ukali usio na breki, na Zohar inauonyesha uovu ukichipuka hapo, kwenye kitu kitakatifu kilichokosa mwenzake. Uovu unaitwa pia klipa, ganda. Mfano wanaoupenda ni wa jozi, ile njugu ngumu: ganda si kiini, haliliki, inabidi livunjwe, na bado liliota kwenye mti ule ule.

Isaac Luria, mwana-Kabala aliyefika Safed, mji wa Galilaya, mwaka 1570 na kufariki kwa tauni mwaka 1572, aliupeleka mfano huo mbali zaidi. Katika mafundisho yake, yaliyoandikwa zaidi na mwanafunzi wake Hayyim Vital, nuru ya mwanzo ilimiminwa katika vyombo, vyombo vikavunjika, na cheche 288 zikaanguka pamoja na vigae. Maganda yanaishi kwa kuzinyonya cheche hizo. Zitoe, nayo yanaanguka kama nguo isiyo na mtu ndani yake. Kwa hoja yangu hapa hilo linatosha: Upande Mwingine hauna chakula chake wenyewe. Unakula mezani kwa Mmoja.

Lakini mfano wa Zohar ninaourudia kila mara ni huu. Mfalme ana mwana wa pekee, anampenda, na amemwonya asimkaribie mwanamke mgeni. Siku moja anataka kuujua moyo wa mwanawe. Anamwita mwanamke mzuri wa sura na mwerevu wa maneno, anamwagiza: nenda, mshawishi. Mwanamke anakwenda, anatumia kila ujuzi alionao, kwa sababu ameamriwa na mfalme. Mwana akimkataa, mfalme anafurahi na kumpandisha cheo. Kisha Zohar inauliza: heshima hii yote ya mwana imesababishwa na nani? Na inajibu: na yule mwanamke. Pale alipoonekana anapingana na mfalme, alikuwa anatimiza agizo lake. Shneur Zalman wa Liadi, rabi wa Kihasidi, katika kitabu chake Tanya kilichochapishwa mwaka 1796, anaongeza kwamba kwa ndani hata mwanamke mwenyewe anatamani ashindwe. Aliyesoma Ayubu sura ya 1 hatashangaa. Shetani pale hanyoshi mkono kabla hajapewa ruhusa, na ruhusa ina mpaka.

Haki itendeke kwa upande wa kina yule kijana: wapo wana-Kabala waliokwenda karibu sana na ukingo. Isaac ben Yaakov ha-Kohen, huko huko Castile katika karne ya 13, aliandika juu ya mtiririko wa kushoto wenye majeshi yake, na Samaeli na Lilithi, wakuu wa mapepo, kama mume na mke, na ukimsoma haraka unaona ufalme mzima uliosimama mkabala na ule mtakatifu. Wasomi wa Kabala, tangu kizazi cha Gershom Scholem, mtafiti mkubwa wa Kabala wa karne ya 20, wamebishana hapo, na wana sababu. Hata hivyo kwake pia kushoto huko kumetiririka kutoka juu, hakukujianzisha.

Na zile sadaka? Aliyesambaza sauti alikuwa na kitu mkononi, ila alikishika kichwa chini. Walawi 16 inaagiza mbuzi mmoja apelekwe jangwani kwa Azazeli, na Zohar inaliona hilo kama fungu linalotupiwa mshtaki, yaani Shetani, ili ashughulike nalo. Katika nyumba zinazoshika desturi hiyo hadi leo, baada ya kula mtu humwaga maji kidogo kwenye ncha za vidole. Yanaitwa mayim aharonim, "maji ya mwisho" (mzizi wetu tena), na Zohar inasema hilo nalo ni fungu la Upande Mwingine. Lakini msikilize Ramban, mfafanuzi mkubwa wa Tora aliyefariki mwaka 1270, juu ya mbuzi huyo. Anatoa mfano wa mtu aliyemwandalia bwana karamu. Bwana anamwambia: mpe fulani, mtumishi wangu, sahani moja. Mwandaaji hampi mtumishi kitu kwa nia ya kumheshimu. Chote kimewekwa mbele ya bwana, na bwana ndiye anayemgawia mtumishi wake.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyetuma ile sauti, mengi uliyoyasema yana chanzo, na nimefurahi kwamba umeyatafuta. Nakuomba ubadilishe neno moja tu kabla hujaisambaza tena. Pale uliposema "wa pili", sema "mwingine", kisha uisikilize sentensi yako upya na uone kama yule mungu bado yumo.