Retina kubanduka: mwenye miwani ya kutoona mbali aogope kiasi gani?

Nina tatizo la kutoona mbali, miwani yangu ni namba -5.00. Nimeambiwa retina yangu, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kubanduka. Hutokea sana?

Hapana, ni nadra. Katika jamii kwa ujumla hupata takriban mtu 1 kati ya 10,000 kila mwaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba wenye namba kati ya -1 na -3 wana hatari mara 4 zaidi ya wasio na tatizo hilo, na waliozidi -3 mara 10. Kwa namba yako, hesabu ya haraka inatoa mtu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo usikose usingizi. Ila jicho hilo utaishi nalo miaka mingi, na kila mwaka una hatari yake, ndiyo maana nataka uzijue dalili.

Kwa nini sisi?

Kwa sababu jicho lenu ni refu. Jicho la kawaida lina milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La mtu asiyeona mbali kabisa huvuka 26. Retina ni ileile, sawa na kitambaa cha meza ndogo kinachovutwa kifunike meza kubwa: pembezoni kinakuwa chembamba. Halafu kuna ute unaojaza jicho. Umri ukisogea, ute huo hulainika na kujitenga na retina, na kwenu hujitenga mapema zaidi. Ukiwa umeng'ang'ania mahali, huichana retina. Majimaji hupenya kwenye tundu hilo na kuibandua.

Nikifanyiwa leza nikaacha miwani, je?

Hatari inabaki palepale. Leza hiyo huchonga konea, kioo cha mbele ya jicho. Urefu wa jicho haubadiliki. Naomba hili ulishike: kila ukienda kwa daktari wa macho, mtajie namba yako ya zamani.

Dalili ni zipi?

Kwanza, haiumi, na hapo ndipo watu wengi huchelewa. Utaona mimweko pembeni mwa jicho, hasa gizani. Kidoa kimoja ulichokizoea miaka yote si tatizo; vidoa vingi vinavyozuka ghafla, kama masizi yaliyomwagwa hewani, ni tatizo. Baadaye huja kivuli kinachosogea kutoka pembeni kama pazia. Ziba jicho moja kwa kiganja, angalia ukutani, kisha badilisha. Ukitumia macho yote mawili, zima hulifichia bovu.

Nikiziona nisubiri kidogo?

Usisubiri, nenda siku hiyohiyo. Tundu likiwahiwa kabla retina haijabanduka, daktari hulizungushia alama za leza na mara nyingi unarudi nyumbani siku ileile. Ikishabanduka, ni upasuaji. Sehemu ya katikati ya retina, ile unayosomea, ikiwa bado imeshika, nafasi ya kuokoa uoni wako ni kubwa. Ikishaachia, upasuaji unaweza kufaulu na bado ukaona mistari imepinda.

Kupimwa namba ya miwani peke yake hakutoshi. Omba uwekewe matone ya kupanua mboni ili daktari aone hadi pembezoni mwa retina. Nenda na mtu wa kukurudisha, maana matone hayo hufifisha macho kwa saa kadhaa na hutaweza kuendesha gari.