Maneno Tunayojiambia Moyoni: Maswali na Majibu

Je, kujisemea peke yako ni dalili ya ugonjwa wa akili?

Hapana. Karibu kila mtu hujisemea, na mtoto mdogo hujiongoza kwa sauti anapocheza kabla mazungumzo hayo hayajahamia moyoni. Kusikia sauti ambayo wengine hawaisikii ni jambo jingine, na hilo lipelekwe kwa daktari.

Kwa nini wazo baya hung'ang'ania?

Akili hutanguliza chochote kinachofanana na hatari, na kadiri unavyopambana na wazo ili litoke, ndivyo unavyoendelea kulikagua kama bado lipo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaagiza watu wasimfikirie dubu mweupe, lakini dubu huyo aliendelea kuwajia. Afadhali ulitambue wazo kimyakimya, kwa mfano, "hii ni hofu ya mahojiano ya kesho," kisha uirudishe akili kwenye pumzi au kwenye kazi iliyo mikononi. Itatoroka tena baada ya muda mfupi, nawe utairudisha tena. Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe, wala si ishara kwamba umeshindwa.

Basi nijisifu kila asubuhi mbele ya kioo?

Ushauri huu hutolewa kwa wepesi mno. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Joanne Wood na wenzake nchini Kanada waliwataka washiriki wakariri kwamba wao ni watu wanaostahili kupendwa. Waliokuwa wakijithamini kidogo walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakukariri, pengine kwa sababu maneno yaliyo mbali na imani ya mtu huamsha pingamizi ndani yake. Kwa maoni yangu, sentensi inayosaidia ni ile unayoiamini na inayokuonyesha hatua ya kuchukua. Mwanafunzi aliyefeli hesabu akijiambia "mimi sifai kitu," amejifungia mlango. Na akijiambia "mimi ni bingwa," anajua fika kwamba anajidanganya. Lakini akisema, "Nimefeli mtihani huu, maswali ya sehemu yalinishinda, kesho nitamwomba mwalimu anielekeze," amesema kweli na amepata pa kuanzia. Kupima mawazo kwa ushahidi namna hii ni msingi wa tiba ya mazungumzo ambayo daktari Aaron Beck alianza kuijenga nchini Marekani katika miaka ya 1960.

Je, kujiita kwa jina kuna faida?

Kwa wengi, ndiyo. Utafiti ulioongozwa na Ethan Kross mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu waliojisemesha kwa jina lao au kwa "wewe" walipokabiliwa na kazi kama ya kuhutubia, walihimili wasiwasi vizuri zaidi kuliko waliotumia "mimi." Mtu hupata umbali kidogo, akajishauri kama anavyomshauri rafiki: "Asha, anza na sentensi ya kwanza tu."

Ni lini mazoezi haya hayatoshi?

Kwanza, anayepigwa nyumbani au kunyanyaswa kazini anahitaji msaada na ulinzi. Asiambiwe abadilishe mawazo. Pili, huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu takribani siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, muone mhudumu wa afya. Na ukijiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri hata siku moja: mwambie mtu unayemwamini sasa hivi, na mwende pamoja kwenye kituo cha afya kilicho karibu.