"Tulikuwepo Kwanza" Haizuii Paa la Jirani

Nimeandikiwa tena. Mwenye uwanja mdogo wa ndege anaona mtaa mpya ukisogelea uzio wake, naye ametulia tuli, eti uwanja "ulikuwepo kwanza". Jamani! Kutangulia si hati miliki. Unachomiliki ni ardhi iliyo ndani ya mipaka yako. Ndege zinaposhuka kutua zinapita juu ya shamba la mwenzako, na akiliuza, mnunuzi anapata na nafasi ya kuinua paa.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema hili mwaka 1946, kwenye kesi ya Causby, mfuga kuku wa North Carolina. Ndege za kijeshi zilipita futi 83 juu ya ardhi yake. Kuku wakaingiwa na hofu, wakajibamiza ukutani na kufa, ufugaji ukamshinda. Mahakama ikasema anga ya chini ni ya mwenye ardhi kadiri anavyoweza kuitumia, na serikali inadaiwa fidia. Hiyo ni serikali, tena yenye jeshi. Wewe una ranwei (njia ya kurukia na kutua) ya nyasi.

Historia nayo haikuokoi. Rubani Charles Lindbergh aliruka peke yake kwenda Paris mwaka 1927 kutoka Roosevelt Field, Long Island. Uwanja ukafungwa 1951, na kufikia 1956 pale pale pakawa jengo la maduka, watu wananunua viatu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wananichosha. Chukua ranwei ya mita 700, marubani wanatua kwa macho, bila vyombo vya kuwaongoza. Kwa vipimo vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, uso wa kukaribia (mteremko wa kufikirika angani ambao paa halitakiwi kuupenya) unaanzia mita 30 nje ya kizingiti, yaani mwanzo wa sehemu ya kutua, na kupanda kwa 5%. Jirani anajenga nyumba ya mita 10 hadi kileleni, mita 80 kutoka mwisho wa ranwei yako. Paa hilo linadai mita 200 za mteremko, pamoja na zile 30. Unazo 80. Kizingiti kinaingia ndani mita 150, na mita za kutua zinabaki 550. Hakuna aliyekushtaki wala kukanyaga nyasi zako. Chuo cha urubani kinahama, mafuta hayanunuliwi, kodi ya ardhi inakadiriwa kwa bei ya viwanja vya nyumba, mzee anafariki, warithi wanauza. Halafu mtaani wanasema kilichoua uwanja ni malalamiko ya kelele. Kelele mara nyingi huukuta uwanja uko hoi tayari.

Na hiyo 5% yenyewe sina raha nayo. Uso wa kupaa nao una mteremko huohuo. Ndege ya mafunzo yenye watu wawili, siku ya joto, ikipanda futi 400 kwa dakika kwa noti 75 (maili 75 za baharini kwa saa), inapata mteremko wa kama 5.3%. Yaani paa lililo halali kwenye ramani ya vizuizi ninayoisaini linapitwa kwa upenyo mwembamba mno. Nasaini ramani, lakini mchana wa jua kali mimi mwenyewe nisingeruka.

Dawa ni kununua ardhi iliyo chini ya mteremko, au kumlipa jirani haki ya anga, yaani asijenge juu kuupenya, kabla shamba halijakatwa viwanja. Kwa paa la mita 10 unahitaji umbo linaloanza na upana wa mita 60 na kufika mita 100, urefu mita 200: hekta 1.6 kila mwisho wa ranwei, bila zile mita 30 za mwanzo. Wengi ninaowapa hesabu hii hujenga hanga jipya (banda la ndege) kwanza.