Ilimba ya Wagogo haijashuka sauti

Walimu wa muziki hutuuliza mara kwa mara kwa nini ilimba, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ikipigwa pamoja na kinanda, inasikika kama imeshuka. Wengine huzisogeza ndimi hizo mpaka zilingane na kinanda. Tunawasihi wasifanye hivyo kabla ya kuiona hesabu iliyomo ndani yake.

Chukua gitaa. Waya wa tano, ukikazwa sawasawa, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti yake ya msingi. Lakini wakati huohuo waya unatetemeka pia kwa nusu zake, theluthi zake, robo zake na kuendelea. Gusa katikati yake, juu ya freti (kile kipande cha chuma kilichokatiza shingo ya gitaa) ya 12, kwa ncha ya kidole bila kubonyeza, kisha piga: utasikia 220. Freti ya 7, penye theluthi, inatoa 330. Ya 5, penye robo, 440. Sauti hizi zilikuwemo tangu mwanzo, kidole kimezinyamazisha zilizozifunika. Zinaitwa harmoniki, na zote ni 110 mara mbili, mara tatu, mara nne.

Sasa panga harmoniki ya 4 hadi ya 9: 440, 550, 660, 770, 880, 990. Hapo umeshafika Ugogo. Watafiti wa muziki wa Afrika, akiwemo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba skeli, yaani mpangilio wa sauti za muziki, ya Wagogo wa Dodoma imejengwa juu ya harmoniki hizi hizi. Ndiyo skeli ambayo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliisikilizisha dunia.

Kinanda kina njia yake. Oktavu, yaani nafasi kati ya sauti na ile yenye mitetemo maradufu, imegawanywa hatua 12 zenye uwiano mmoja, ili mpigaji aanzishe wimbo popote apendapo. Ni faida kubwa, ila ina gharama. Penye 660 kinatoa 659 na ushei, tofauti ambayo ni wachache wataisikia. Penye 550 kinatoa 554. Penye 770 kinatoa 784, karibu theluthi ya nusu toni (hatua moja kati ya zile 12) juu zaidi, na hapo ndipo ilimba inapolaumiwa bure.

Ukubwa wa kitu nao una kauli juu ya kasi ya mitetemo yake. Mwaka 1636 Mfaransa Marin Mersenne alichapisha kanuni za nyuzi: urefu ukipungua nusu, mitetemo huongezeka maradufu, ukitaka maradufu kwa kukaza tu, mkazo lazima uwe mara nne, na huenda waya ukakatika kwanza. Kwa ujumla, kitu kikubwa hutetemeka polepole. Tetemeko la Chile la tarehe 22 Mei 1960, lenye ukubwa wa 9.5, liliitikisa Dunia nzima kama kengele iliyogongwa, na mtetemo wa Dunia ulio wa polepole kuliko yote huchukua kama dakika 54 kukamilika. Kwa mitetemo ya namna hiyo wanasayansi huchunguza kina cha Dunia ambako hakuna mtambo uliowahi kufika.

Mwenye simu anaweza kuhakiki habari ya ilimba mwenyewe. Fungua programu ya kupimia sauti, usijali jina la noti inayokuonyesha, soma herzi tu, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Piga ulimi mmoja mmoja, andika namba, kisha tafuta namba kubwa kabisa inayozigawa zote kwa kukaribia. Ukiipata, huo ndio msingi wa ilimba hiyo, hata kama hakuna ulimi hata mmoja unaoutoa.