Unyeti wa Kukataliwa kwa Wenye ADHD: Maana Yake na Namna Unavyotibiwa

Unyeti wa kukataliwa ni hali ya mtu kuumia kupita kiasi anapokataliwa au kukosolewa, au hata anapodhani tu kwamba amekataliwa. Kwa wengi wenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza makini, asitulie au atende kwa pupa, maumivu hayo huzuka ghafla: mkuu wa kazi akiandika "naomba tuonane kesho" bila kutaja sababu, mpokeaji hukesha akijiona ameshafukuzwa, au hujibu kwa ukali ambao baadaye humtia aibu.

Aliyeieneza dhana hii kuhusiana na ADHD ni William Dodson, daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotolewa mwaka 2013, hauitambui kuwa ugonjwa wa peke yake, na wataalamu wengi huihesabu kuwa sehemu ya ugumu wa kudhibiti hisia, lakini hilo halina maana kwamba maumivu ni ya kujitakia. Mtoto anayekua akiitwa mzembe na mtukutu kila uchao huzoea kutarajia lawama hata pale ambapo hakuna aliyemlaumu.

Matibabu huanza na ADHD yenyewe, kwa sababu dawa kama methilfenideti huweza pia kupunguza kwa kiasi mihemko ya ghafla. Gwanfasini na klonidini, ambazo asili yake ni dawa za shinikizo la damu, nazo hutumika. Ila manufaa yake kwa unyeti huu yanategemea zaidi uzoefu wa madaktari kuliko majaribio makubwa, na mgonjwa asiziache ghafla, kwani shinikizo la damu laweza kupanda.

Kwangu mimi, tiba ya mazungumzo inayochunguza fikra na tabia haipaswi kuachwa nyuma. Humo mtu hujifunza kuahirisha jibu mpaka mwili utulie, kisha kuandika kando kando maneno yaliyosemwa hasa na maana aliyoyapa yeye, na kutafuta maelezo mengine yanayowezekana. Jamaa nao humsaidia sana wanapokosoa jambo mahususi, faraghani, bila kumwacha akibahatisha.

Kwa kawaida maumivu haya huwa na chanzo kinachojulikana na hupungua baada ya saa kadhaa. Huzuni ikidumu takriban siku nzima, kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, daktari achunguze sonona, ambayo ina matibabu yake. Na mawazo ya kujidhuru yakijitokeza, mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.