Subrogesheni: bima inaposhika nafasi yako

Umesimama kwenye taa, gari la nyuma likakugonga. Dereva anashuka, anaomba radhi, anakiri kosa ni lake. Anakupa pesa za taa iliyovunjika, kisha mnaandikiana kikaratasi: "Tumemalizana, hakuna anayemdai mwenzake." Mnasaini wote wawili. Wiki moja baadaye fundi anakuambia chesesi imepinda. Hapo ndipo unakumbuka una bima kubwa, unapeleka madai, na unaulizwa: mliandikiana chochote? Kile kikaratasi kinaweza kukukosesha malipo.

Wengi hudhani huo ni ujanja wa kampuni ya kukwepa kulipa. Mara nyingi sivyo. Sababu yenyewe ni subrogesheni, neno ambalo limo karibu katika kila mkataba wa bima ya mali na ambalo ni wachache sana hulisoma kabla ya kusaini.

Subrogesheni ni haki ya kampuni ya bima, ikishakulipa hasara yako, kushika nafasi yako na kumdai yule aliyeisababisha. Shika hilo neno "nafasi yako". Kampuni haikugongwa na mtu, kwa hiyo haina ugomvi wake yenyewe na yule dereva. Inatumia haki yako, kama ilivyo, na kasoro zake zote. Kama nawe ulichangia ajali, fidia itapungua kwao kama ambavyo ingepungua kwako. Na kama ulishamsamehe mtu kwa maandishi, huna nafasi tena ya kumwachia yeyote aishike. Ndiyo maana mikataba hukukataza kumaliza jambo kienyeji kabla ya kuiarifu kampuni.

Katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, kesi ya namna hii kwa kawaida hufunguliwa kwa jina lako. Unaweza kuona hati ya mahakama imeandikwa wewe ndiye mdai, ilhali hujatafuta wakili. Usishtuke. Wakili amewekwa na bima na gharama ni yao, ila wewe utatakiwa kutoa picha, risiti, na pengine kusimama kizimbani kama shahidi.

Msingi wa yote haya ni kwamba bima ya mali ipo kukurudisha ulipokuwa kabla ya hasara. Haikusudiwi kukutajirisha. Mfano unaotajwa sana ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1883, Castellain dhidi ya Preston. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kubaliana na mnunuzi, nyumba ikaungua kabla mauzo hayajakamilika, bima ikawalipa pauni 330. Baadaye mnunuzi akalipa bei yote kama walivyoagana. Mahakama ya Rufani ikaamuru pesa za bima zirudishwe, kwa kuwa wauzaji hawakubaki na hasara yoyote.

Lakini kampuni nayo haipati zaidi ya ilicholipa, na hapa ndipo sheria inaponipendeza. Mwaka 1945 meli moja ya Uingereza ilizama baada ya kugongana na meli ya kivita ya Kanada. Bima ikalipa pauni 72,000. Kesi dhidi ya serikali ya Kanada ilichukua miaka mingi, na katikati ya safari, mwaka 1949, pauni ikashushwa thamani. Fidia ilipokuja kubadilishwa kutoka dola, ikawa karibu pauni 127,000. Bima ikadai zote. Mwaka 1961 jaji aliipa zile 72,000 zake, na zilizobaki zikawa za mwenye meli.

Kuna upande mwingine wa haki hii ambao ni mchungu. Katika kesi ya Lister dhidi ya Romford Ice, dereva wa lori alikuwa akirudi nyuma katika ua wa machinjio akamgonga mfanyakazi mwenzake. Mwenzake huyo alikuwa baba yake mzazi. Mwajiri alibeba dhima, bima ikamlipa baba fidia, kisha bima hiyohiyo ikatumia jina la mwajiri kumshtaki mtoto ili airudishe. Mwaka 1957 Mabwana wa Sheria, yaani majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, walikubaliana nayo, watatu kwa wawili. Familia ilipewa kwa mkono huu na kudaiwa kwa mkono ule. Uamuzi ule ulileta kelele kiasi kwamba kampuni za bima za Uingereza ziliahidiana kutowafuata wafanyakazi kwa namna hiyo, isipokuwa palipo na njama au kosa la makusudi. Sheria yenyewe haikubadilishwa. Waliojizuia ni kampuni zenyewe, zenye haki hiyo.

Bima ya maisha haimo katika haya. Uhai hauna bei ya kurudishiwa, kwa hiyo familia ikilipwa bima ya marehemu bado inaweza kumdai aliyemuua kwa uzembe, na pesa zote mbili ni zao. Pia kampuni haiwezi kumgeukia mteja wake yuleyule kwa hasara iliyomkatia bima.

Kuhusu ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba hukuachia ujibebee mwenyewe, iulizie. Kampuni ikifanikiwa kumdai mkosaji, huenda nawe unastahili kurudishiwa kiasi hicho, lakini utaratibu wa nani anaanza kulipwa hutofautiana kwa nchi na kwa mkataba, na si kila ofisi itakupigia simu kukukumbusha. Andika barua, taja namba ya dai lako, uliza kama mkosaji ameshalipa. Na siku ya ajali, kabla kalamu haijagusa karatasi, piga simu bima. Kupokea namba ya simu ya mkosaji, namba ya gari lake na jina la bima yake hakukuharibii kitu. Saini chini ya neno "tumemalizana" ndiyo inayoharibu.